Mlango wa Bibi Ulitazama Msituni

Asubuhi moja kiangazi hiki nilifungua dirisha la chumba changu pale Majengo nikakutana na moshi. Haukuwa wa mkaa wala wa takataka. Ulikuwa ule wa nyasi kavu, unaoteremka kutoka milima ya Matogoro wakati mvua bado ziko mbali, na ukiuliza nani kachoma, kila mtu atakuonyesha kijiji cha pili. Watu wengine wakiisikia harufu hiyo hufunga dirisha. Mimi hufunga begi.

“Safari ya wapi tena, Tito?” aliniuliza mama wa chumba cha jirani, ameinamia karai la maandazi.

“Nikifika nitajua.”

“Utu uzima wote huo! Siku moja utafia kwa watu wasiojua hata jina lako.”

“Mradi wawe wanajua kupika.”

Alinirushia andazi la moto, nikalidaka kwa shati, nikaondoka. Ndivyo ninavyoishi. Nimefyatua matofali, nimepakua mbolea, nimelinda duka, nimetengeneza baiskeli bila kufundishwa na mtu. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimekuwa nikienda kutazama kwa macho yangu mambo ambayo wengine waliyasoma wakiwa wamekaa.

Kwenye barabara ya Tunduru nilipata lori lililobeba saruji. Dereva alinionyesha kiti kwa kidevu, nikapanda. Tulipoingia upande wa Namtumbo nilianza kuona mabani yamesimama kando ya mashamba, matupu, msimu umekwisha. Bani likishazoea tumbaku haliiachi tena. Hata kwa mwendo wa lori harufu iliingia: moshi wa magogo, asali iliyoungua, na kitu kama ngozi. Hapo nikaacha kutazama barabara.

Nyumba yetu ilikuwa upande huo, kijijini, pale njia ya mchanga mwekundu inapoishia na msitu wa miombo unapoanza. Tulikuwa na nyumba ya nyasi, jiko la nyasi, na bani. Bani ndilo jengo la kukaushia tumbaku, na kwetu ndilo lililokuwa jengo la maana. Lilikuwa na kuta nene za tofali, bati juu, mlango mmoja mfupi, na tundu dogo ukutani ambalo baba alichungulia kuona majani yamefikia rangi gani. Mama alipenda kusema kuwa angezaliwa tena angeomba azaliwe tumbaku, walau alale chini ya bati.

Halafu kulikuwa na nyumba ya Bibi. Bibi alikuwa mama yake mama, mjane, na mama ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, kwa hiyo baba alimleta akamjengea. Alimjengea mwisho kabisa wa kiwanja, karibu na msitu, na mlango wake akaugeuza. Milango yetu yote ilitazamana. Wa Bibi ulitazama msituni.

Sababu ilikuwa heshima. Kwa watu wetu, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, hali naye, na kuitana kwa majina ndiyo mwiko kabisa. Bibi akitaka kuzunguka kona ya nyumba alikohoa kwanza. Baba akimwona mbele yake njiani aliingia katikati ya mahindi, akasimama humo mpaka apite. Mimi nilidhani ni mchezo wa kujificha, na nilimwonea baba huruma kwa kuwa kila mara yeye ndiye aliyejificha.

Katika mchezo huo nilikuwa na kazi. Nilikuwa mdomo wao. Bibi alikuwa akikaa nyuma ya nyumba yake akichambua likolo, mboga zetu za majani, baba upande wa pili akifunga mzigo wa kuni, ukuta mmoja tu kati yao, na Bibi alisema, “Mume wangu, mwambie baba yako zile samaki alizoleta zilikuwa tamu.” Mume wangu nilikuwa mimi. Baba alikuwa amesikia kila neno, lakini hakujibu. Alisubiri. Nilizunguka mbio, nikasimama mbele yake: “Bibi anasema samaki zilikuwa tamu.” Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. “Mwambie Mama nimefurahi.” Nikarudi mbio. Bibi naye alikuwa amesikia, naye alisubiri.

Na mimi, kwa kuwa sisi hakuna sheria iliyotuzuia, Bibi alinitukana kutwa nzima. “Wewe mume gani hata miguu huoshi? Nitaolewa na fundi baiskeli.” Nilimjibu kwamba fundi baiskeli hataki mke asiye na meno. Tulicheka mpaka mama akatugombeza.

Siku ya moto tulikuwa tumemaliza kula mchana. Tangu asubuhi kulikuwa na moshi ng'ambo ya bonde, na hakuna aliyeshtuka, maana kila mwaka kulikuwa na moshi ng'ambo ya bonde. Watu huchoma kuwatoa panya, huchoma kusafisha shamba, huchoma kwa sababu nyasi zipo. Kisha upepo ukageuka. Nilikuwa uani nikaona jivu jepesi likitua juu ya sufuria kama vipepeo weusi, na mwewe wengi wakizunguka juu ya msitu, wakiwafuata panzi. Mianzi ikaanza kupasuka kule bondeni. Nilidhani kuna harusi, wanapiga baruti.

Baba alitazama juu mara moja tu. “Bani,” alisema.

Alianza kuingiza magunia ya mahindi humo ndani. Mama alibeba mikeka, madumu ya maji na mimi. Ndipo Bibi akaja, amebeba kigoda na kuku wake mwekundu kwapani, akafika mlangoni, akamwona baba ndani.

Alisimama. Akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta. Baba naye alikuwa ameuona mguu wake, akasimama na gunia begani, uso kwenye kona. Mlango ulikuwa mmoja na mfupi. Ili baba atoke, Bibi alipaswa kuondoka. Ili Bibi aingie, baba alipaswa kutoka. Msitu ulikuwa unanguruma sasa, kama lori linalopanda mlima, na Bibi yangu akazunguka nyuma ya bani, akakohoa kuonyesha kwamba ameshafika huko. Baba akatoka, akaenda upande mwingine, akakohoa. Bibi akarudi, akaingia. Nakumbuka niliona sawa tu. Hivyo ndivyo watu walivyoingia na kutoka kwetu.

“Baba Tito, ingia,” mama alisema mlangoni.

“Mlango lazima uzibwe kwa nje. Cheche zitapita.”

“Ukishaziba utaingia wapi?”

Alikuwa ameshashika mlango. “Nyie zibeni matundu ya juu kwa magunia,” alisema. “Tito, mwambie Mama asiogope.”

Akafunga mlango. Kisha nikasikia viganja vyake vikipiga udongo, na mistari ya mwanga kuzunguka mlango ikaanza kufa mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipoogopa, na sikuuogopa moto. Nilikuwa nimemwona baba akifanya hivyo kila msimu. Anatundika majani mabichi kwenye fito, anafunga mlango, anaukandika udongo, na siku akiubomoa majani yametoka ya kahawia, makavu, yamekuwa kitu kingine. Nikatazama juu, fito zilikuwa tupu. Nikatazama chini, tulikuwepo sisi.

“Bibi,” nilimnong'oneza, “sisi tutatoka na rangi gani?”

Alinifinya sikio gizani. “Mimi nilishakauka zamani, mume wangu. Wewe ndiye bado mbichi.”

Joto lilipanda taratibu. Tundu la kuchungulia lilikuwa juu kidogo ya kichwa changu. Bibi alinipandisha kwenye kigoda chake nikaweka jicho. Niliona rangi ya chungwa tu, na baba akipita mbio na tawi bichi, akipiga nyasi.

“Mwambie baba yako,” Bibi alianza, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya samaki, “mimi natoka. Aje aingie yeye. Mimi nimekula chumvi nyingi.”

Nikapiga kelele tunduni. Baba akasogea, akakohoa, akaegemea ukuta. Alikuwa karibu sana, ningeweza kumshika nywele.

“Mwambie Mama asitoke.”

“Anasema usitoke.”

“Mwambie aache ujinga, ana mke na mtoto.”

“Tito, usimwambie hivyo baba yako,” mama alisema.

“Mwambie!”

“Usimwambie!”

Sikujua nimtii nani. Mama alikaa chini katikati ya bani, mikono kichwani. Nimemfikiria mara nyingi nikiwa mtu mzima, pale chini: mtoto wa mmoja, mke wa mwingine, na udongo ukikauka mlangoni. Hakuweza kumwamuru mama yake, na mumewe asingesikiliza. Wakati ule niliona tu kwamba amechoka.

“Si Bibi akae kona ile,” nilisema, “na baba akae kona hii?”

Kuku wa Bibi ndiye aliyenijibu.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Bati lilianza kulia juu yetu, tak, tak, kama mtu anaturushia mawe madogo. Moshi uliingia licha ya magunia, na mama akatulowanishia vitambaa tufunike pua. Kisha Bibi akainuka. Alivua kanga yake ya juu, akaitupia kwenye fito. Ilining'inia. Akaipapasa gizani kama anapima kitambaa dukani.

“Lete na yako,” alimwambia mama. “Na mikeka.”

Walifanya haraka. Walifunga kanga kwa kanga, mkeka chini yake, magunia ya mahindi pembeni, mpaka bani likawa na vyumba viwili. Bibi akaingia upande wa nyuma akakaa. “Sasa mwambie,” alisema. “Mwambie nimeweka ukuta. Aingie nyumbani kwake.”

Niliweka mdomo tunduni. “Baba! Bibi ameweka ukuta! Ingia!”

Moto ulikuwa umefika uani. Sikuona kitu, moshi tu, mzito kama blanketi.

“Baba! Anasema ingia!”

Nilirudia. Nilisema nyumba ni mbili sasa, nilisema mlango tutaubomoa sisi, nilisema maneno ambayo Bibi hakunituma, kwamba samaki zilikuwa tamu, kwamba tumefurahi. Koo liliniuma, sauti ikawa ya paka, kisha ikaisha kabisa. Nilikuwa na kazi moja tu duniani na sikuweza kuifanya. Nilimgeukia Bibi nikafungua mdomo, na hakukutoka kitu.

Alitoka nyuma ya ukuta wake wa kanga. Alinishusha kwenye kigoda, akapanda yeye, akaweka mdomo wake pale pale nilipokuwa nimeweka wangu.

“Odilo!” aliita. “Odilo wee! Mwanangu Odilo!”

Mama aliachia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena. Mimi nilishangaa tu. Baba yangu alikuwa Baba Tito. Wanaume wenzake walimwita Bwana Bani. Nilidhani Odilo ni mtu mwingine, labda jirani, labda mtakatifu, ambaye Bibi anamfahamu peke yake na sasa anamwita aje amwokoe baba. Nikaanza na mimi kumwomba moyoni. Odilo, njoo.

“Odilo! Niitikie!”

Na kutoka chini, kama ardhini, sauti ikasema, “Naam, Mama.”

Bibi aliteremka kigodani, akarudi nyuma ya kanga zake, akajifunika kichwa. Nilimvuta mama mkono nikamuuliza kwa midomo tu, Odilo ni nani?

“Baba yako,” mama alisema. “Baba yako, mjinga wewe.”

Baba alikuwa ameingia kwenye shimo nyuma ya bani, lile alilochimba udongo wa kufyatulia tofali, akajifunika gunia lililolowa. Moto ulipita juu yake, ukapita kando yetu, ukaenda zake. Mama aliubomoa udongo wa mlangoni kwa mpini wa jembe. Tulipotoka nilijitazama mikono kwanza. Nilikuwa na rangi yangu ile ile.

Mikono ya baba ndiyo iliyokuwa imebadilika. Ukingo wa bati ulikuwa umeinuka kwa upepo, na aliushikilia usifunuke, bati la moto, mpaka misumari ikakamata tena. Hakuwahi kutueleza; mama aliona alama za vidole vyake pale ukingoni. Nyumba yetu ilipona, maana kiwanja kilifagiliwa kila siku hadi kikawa kama sakafu. Ya Bibi iliungua yote. Heshima ndiyo iliyoijenga karibu na msitu, na moto uliingia kwa mlango.

Kwa hiyo hakuwa na pa kukaa. Baba hakuweza kushika hata kijiko, mvua zilikuwa zinakuja, na kukaa chini ya paa moja na baba haikuwezekana. Kaka yake Bibi alikuja kumchukua kwa baiskeli kumpeleka kwake Mpitimbi. Mimi nilijua sababu nyingine. Nilijua amekasirika kwa kuwa baba alimjibu bila kunisubiri.

Alipokuwa tayari, amekaa kwenye karia na kuku wake, aliniita. Baba alikuwa nyuma ya bani, mikono imefungwa vitambaa.

“Mume wangu, mwambie baba yako nilimwita kwa jina. Anisamehe.”

Nilizunguka. Baba alisubiri mpaka nikamaliza.

“Mwambie Mama sikusikia jina. Nilisikia naitwa tu.”

Nilimpelekea. Bibi akamgonga kaka yake mgongoni, baiskeli ikaondoka.

Baba alianza kumjengea nyumba ya tofali. Safari hii aliiweka katikati ya kiwanja, mbali na msitu, mlango bado umetazama upande wa pili. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja na havikufunguka tena. Mimi nilifyatua, mimi nilibeba, yeye alipanga kwa viganja, tofali moja likichukua muda wa matatu. Tumbaku nayo ilihitaji mikono, kwa hiyo shule niliyokuwa nimeianza iliniona kwa nadra, kisha haikuniona. Ukuta ulipofika kwenye linta, pale juu ya mlango, mtu alikuja kutoka Mpitimbi na habari kwamba Bibi amefariki.

Mazikoni baba hakuingia uani. Alisimama barabarani, nje ya uzio wa matete, kofia mkononi, na waliompita waliinamisha vichwa kwa kuwa walielewa. Mama alikuwa ndani na wanawake. Watu walipoanza kwenda kaburini baba aliniita, akainama.

“Kamwambie Mama nyumba imefika kwenye linta.”

Nilikwenda. Nilipenya kati ya miguu ya watu mpaka mbele, nikasimama karibu na jeneza. Nilisema kama nilivyozoea, si kwa kunong'ona: “Bibi, baba anasema nyumba imefika kwenye linta.” Watu walinitazama. Mama mmoja alinishika bega anivute, nikakataa, kwa sababu ujumbe ukishaufikisha unasubiri jibu. Nilisubiri mpaka udongo ukaanza kushuka. Kisha nilirudi barabarani kwa baba yangu, naye akainuka kunipokea, akangojea niseme, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa.

Nyumba ile bado imeishia kwenye linta. Nilipita siku moja nikakuta mpapai umeota ndani.

Dereva wa saruji alikuwa anakwenda hadi Mbesa, na kwa kuwa sikuwa na sababu ya kushuka kabla, nilifika naye jua likiwa linaelekea kuzama. Sikuwahi kufika huko. Nilizunguka sokoni, nikaulizia pa kulala, wakanielekeza kwa bibi mmoja mwenye vyumba karibu na hospitali, anayewapangisha wanaouguza ndugu zao. Nilimkuta uani kwenye mkeka, ushungi kichwani, anapepeta mchele.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Unamuuguza nani?”

“Simuuguzi mtu. Napita tu.”

Alinitazama kidogo. “Haya. Anayepita naye hulala,” alisema, akamwagiza mjukuu wake wa kike anipeleke.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, chandarua, na ukuta mwembamba. Nilivua viatu nikakaa. Nje nilisikia ungo ukiwekwa chini, kisha sauti ya bibi yule, safi kabisa, kana kwamba yuko chumbani: “Mwambie mgeni maji ya kuoga yapo tayari.”

Nilisikia kila neno. Sikujibu. Nilikaa kitandani, mikono magotini, nikasikiliza miguu midogo ikizunguka nyumba kwa mbio, mpaka mtoto akasimama mlangoni akihema.

“Bibi anasema maji tayari.”

“Mwambie Bibi nimeshukuru,” nilisema, nikabaki nimekaa vile vile mpaka niliposikia maneno yangu yakifika.